Nguzo inapogusa ardhi: kisa cha nyumba za mianzi za Cox's Bazar

Kuanzia tarehe 25 Agosti 2017, Warohingya zaidi ya 700,000 walivuka mpaka kutoka jimbo la Rakhine nchini Myanmar na kuingia wilaya ya Cox's Bazar, kusini-mashariki mwa Bangladesh. Wengi walifika ndani ya miezi michache tu, wakawakuta ndugu zao waliokimbia miaka ya nyuma. Vilima vilivyokuwa hifadhi ya msitu na njia ya tembo vilifyekwa na kukatwa ngazi kwa ngazi, na juu ya kila ngazi ikasimama nyumba ya mianzi iliyofunikwa turubai. Kambi za Kutupalong na Balukhali zikaungana zikawa makazi makubwa kuliko yote ya wakimbizi duniani.

Uchambuzi huu unahusu nyumba hizo: zilijengwaje, zilianza kuanguka wapi, na wasanifu na mafundi walibadilisha nini. Hoja yetu ni kwamba kazi kubwa ya usanifu pale ilifanyika mahali ambapo picha za nyumba hazionyeshi, yaani sentimita 30 za chini za nguzo, halafu katika nafasi iliyoachwa kati ya nyumba na nyumba. Mahali pa kwanza palipata suluhisho zuri. Pa pili hapajapata hadi leo.

Masharti ya kazi

Serikali ya Bangladesh haikuruhusu vifaa vya kudumu, kwa msimamo kwamba wakimbizi watarudi kwao. Kuta za tofali na nyumba za zege zikawa nje ya mjadala. Mchoraji alibaki na mianzi, turubai, kamba, waya, mifuko ya mchanga, na baadaye vipande vidogo vya zege kwa ajili ya misingi.

Hali ya hewa haina huruma. Wilaya hupata zaidi ya milimita 3,000 za mvua kwa mwaka, na sehemu kubwa hunyesha kati ya Juni na Septemba. Vimbunga vya Ghuba ya Bengal huja kwa misimu miwili: Aprili na Mei kabla ya masika yao, kisha Oktoba na Novemba. Udongo wa vilima ni mchanga uliochanganyika na mfinyanzi. Ukishaondolewa mizizi hauna cha kuushika. Magari hayafiki sehemu nyingi za kambi, kwa hiyo kila kitu hupandishwa begani kwa vijia na ngazi nyembamba. Kifaa ambacho mtu mmoja hawezi kukibeba kupanda kilima hakifai, hata kingekuwa na nguvu kiasi gani.

Mwanzi ulioliwa

Aina mbili za mianzi ndizo zilizobeba kazi. Borak ni mnene, una ukuta mzito, na ndio wa nguzo na boriti. Muli ni mwembamba, una ukuta mwepesi, na hutumika kwa fito za paa na kwa kuta za kusuka. Mwanzi wa kujengea unatakiwa ukatwe ukiwa na miaka 3 au zaidi, uwe umekomaa. Mahitaji ya ghafla ya mamia ya maelfu ya watu yalifanya mwanzi mchanga uingie sokoni ukiwa bado mbichi. Mwanzi mchanga una maji mengi na wanga mwingi, na wanga ndicho chakula cha mdudu aitwaye bungua.

Bungua wa mwanzi ana urefu wa milimita 3 hivi. Huingia kupitia ncha iliyokatwa au jeraha la tawi, kwa sababu ganda la nje ni gumu kwake, kisha hula ukuta kutoka ndani. Dalili ya kwanza ni unga mweupe sakafuni chini ya nguzo. Unga ukishaonekana, ndani pameshakuwa mashimo. Nguzo husimama vilevile, sura haijabadilika, mpaka upepo uje.

Adui wa pili ni kuvunda. Nyumba za mwanzo zilisimikwa kwa kuchimba shimo na kutumbukiza mwanzi moja kwa moja. Nguzo ya namna hiyo haiozi sawasawa urefu wote. Chini kabisa kuna maji lakini hewa ni haba. Juu kuna hewa lakini pakavu. Ukungu unaoozesha unahitaji vyote viwili, na huvipata pale nguzo inapotokeza ardhini, katika ukanda wa kama sentimita 10. Hapo ndipo nguzo hukatika, na ndipo pia nguvu ya upepo inayoipinda nguzo huwa kubwa. Mwanzi usiotibiwa ukigusana na udongo katika hali ya hewa ya namna hiyo hudumu mwaka mmoja hadi miwili. Kuuvika mfuko wa plastiki kabla ya kuuzika hakusaidii: maji huingia kwa juu, yakakaa ndani ya mfuko, na kuoza kukaenda haraka zaidi.

Hesabu yake inaumiza. Wakala anayejenga nyumba 1,000 za mianzi isiyotibiwa hajengi nyumba 1,000. Amejipangia kuzijenga tena kila baada ya miaka miwili, kwa bajeti ya misaada inayopungua, na kwa kukata mashamba ya mianzi ya Bangladesh kabla hayajakomaa.

Kutibu mwanzi

Dawa iliyochaguliwa ni ya boroni: boraksi na asidi ya boriki. Zote ni unga mweupe unaoyeyuka majini, hazina harufu, na kwa wakaaji wa nyumba ni salama kuliko dawa za mbao zenye arseniki au kreosoti. Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM, lilijenga mtambo wa kutibu mianzi kwa ajili ya kambi, na utaratibu huo ukaenea kwa mashirika mengine.

Mchanganyiko wa kawaida ni sehemu 1 ya asidi ya boriki kwa sehemu 1.5 ya boraksi. Kwa nguvu ya asilimia 5, kila lita 100 za maji hupokea kilo 2 za asidi ya boriki na kilo 3 za boraksi. Birika la urefu wa mita 7, upana mita 1 na kina mita 1, likishapangwa mianzi, hubaki na nafasi ya maji ya lita 4,000 hivi; hapo zinahitajika kilo 80 za asidi na kilo 120 za boraksi. Unga uyeyushwe kwanza katika pipa la maji ya moto. Ukimwagwa moja kwa moja kwenye birika la maji baridi, sehemu yake hutuama chini, na mianzi ikatoka bila dawa ya kutosha huku kila mtu akiamini imetibiwa.

Mwanzi una pingili, na kila fundo lina kiwambo kinachofunga pingili moja na nyingine. Dawa haipiti hapo. Kwa borak, fundi hupitisha nondo ndefu iliyochongwa ncha kutoka upande mmoja hadi mwingine na kutoboa viwambo vyote katikati. Kwa muli, ambao ni mwembamba na hupasuka ukipigwa nondo, kila pingili hutobolewa kwa keekee matundu mawili madogo, yasipangwe kwenye mstari mmoja. Hatua hii ndiyo wafanyakazi waliochoka huiruka, na haionekani kwa nje. Msimamizi anayejua kazi huchukua mwanzi mmoja katika kila shehena, akaupasua na kuangalia.

Mianzi iingie birikani ikiwa mbichi, ndani ya siku chache tangu kukatwa, kwa sababu dawa husafiri ndani ya nyama ya mwanzi kwa kufuata unyevu wake. Mwanzi uliokauka hunywa kidogo sana. Kwa kuwa unaelea, lazima ukandamizwe na mawe au nondo mpaka uzame wote. Unakaa wiki moja hadi mbili. Kila shehena hunywa dawa, hivyo nguvu ya maji hushuka. Hupimwa kwa haidromita, kipimo kinachoelea na kuonyesha uzito wa maji yenye dawa, na kuongezwa unga kabla ya shehena inayofuata. Baada ya hapo mianzi inasimamishwa kivulini kwa wiki mbili hadi nne. Jua la moja kwa moja huipasua. Maji ya birika yasimwagwe mtoni wala shambani, kwani boroni ikizidi huua mimea. Sakafu ya eneo la kazi iwe na mteremko unaorudisha matone birikani.

Dawa hii ina udhaifu mmoja, nao ndio ulioelekeza usanifu wote uliofuata: kwa kuwa huyeyuka majini, mvua huiosha. Mwanzi uliotibiwa ukizikwa ardhini au ukiachwa unyeshewe hurudi kuwa mwanzi wa kawaida. Kwa hiyo kutibu peke yake ni kupoteza fedha. Nyumba lazima ipewe miguu mikavu na paa lenye upenu.

Mguu wa nguzo

Suluhisho ni kipande cha zege kilichofinyangwa karakana, chenye nondo au vibamba vya chuma vinavyotokeza juu. Kipande huzikwa, mwanzi hukaa juu yake, na bolti hupita kwenye kibamba na mwanzi. Mwanzi haugusi udongo kabisa. Mamlaka zilikubali kwa sababu kipande kama hicho kinachimbuliwa na kuhamishwa. Hakiifanyi nyumba kuwa ya kudumu.

Tuchukue nyumba ya watu 5 kama mfano wa hesabu. Viwango vya Sphere, mwongozo wa kimataifa wa mashirika ya misaada ya dharura, vinataka mita za mraba 3.5 za eneo lililofunikwa kwa kila mtu, bila kuhesabu mahali pa kupikia na kuogea. Hiyo ni 17.5, yaani sakafu ya mita 5 kwa 3.5. Nguzo ni 9: tatu kila upande mrefu kwa nafasi ya mita 2.5, na tatu katikati zinazobeba mgongo wa paa. Kipande cha zege cha sentimita 10 kwa 10, urefu sentimita 75, kina uzito wa kilo 18 hivi, mzigo ambao mtu mmoja anaweza kupanda nao kilima. Sentimita 45 ziende chini, 30 zibaki juu, kwa sababu matone ya mvua kali yakigonga udongo huruka na kulowesha sentimita 20 za chini za ukuta.

Sasa upepo. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, mgandamizo wa hewa ni karibu nyutoni 470 kwa mita ya mraba. Paa hilo pamoja na upenu lina kama mita za mraba 23. Tukikadiria kwamba asilimia 80 ya mgandamizo huo inafanya kazi ya kulinyanyua, tunapata nguvu inayolingana na kilo 880 hivi zikivuta juu, karibu kilo 100 kwa kila nguzo. Uzito wa mianzi na turubai ni mdogo kuliko hapo, na kipande cha kilo 18 hakifui dafu peke yake. Ndiyo maana kitako chake kipanuliwe, udongo ushindiliwe kwa matabaka ya sentimita 15, na mfululizo wa viungo kutoka fito ya paa hadi zege usikatike popote. Kiungo kimoja cha kamba kilicholegea katikati ya mfululizo huo kinafuta kazi ya vingine vyote.

Viungo vya mwanzi vina kanuni zake. Misumari huupasua, usitumie. Tundu la bolti lipekechwe karibu na fundo, ambapo ukuta umeshikwa na kiwambo, kamwe lisiwe katikati ya pingili. Pingili inayopokea bolti ya msingi ijazwe mchanganyiko wa saruji na mchanga ili isipondeke bolti inapokazwa. Kamba huwa imara siku ya kufungwa, lakini mwanzi ukikauka husinyaa na kamba ikalegea. Waya wa mabati una shida hiyohiyo ingawa hauchakai kwa jua. Kila kiungo kikazwe tena baada ya miezi michache ya kwanza, na hilo liwekwe kwenye mpango wa kazi na wa malipo, maana likiachwa kwa hiari halifanyiki.

Mihimili ya mshazari ndiyo inayosahaulika kuliko vyote. Fremu ya mraba isiyo na mshazari hulala upande bila hata kiungo kimoja kukatika. Kila pembe ya nyumba ihitaji mshazari kwenye kuta zote mbili zinazokutana, na mwingine kwenye mteremko wa paa. Familia nyingi huukata ule unaopita mlangoni au dirishani, na wana haki ya kuwa na mlango. Kosa ni la mchoro uliouweka mshazari mahali mtu anapotaka kupita. Muulize mwenye nyumba mlango utakaa wapi kabla ya kusimika nguzo.

Paa, joto na maji ya kuoga

Turubai la msaada, la mita 4 kwa 5 au 4 kwa 6, huanza kuchakaa kwa jua ndani ya mwaka mmoja hadi miwili. Kinachoharakisha uchakavu ni kupigapiga kwa upepo juu ya fito. Mafundi wa kambi hulaza wavu wa muli juu ya turubai na kuufunga na ule wa chini, turubai likabanwa katikati. Wavu huo umekuwa bora kuliko mifuko ya mchanga juu ya paa, ambayo kimbunga huirusha kichwani mwa jirani. Mteremko wa paa uwe nyuzi 30 au zaidi; paa la kulala hunyanyuliwa kirahisi na hukusanya madimbwi. Upenu wa sentimita 30 unatosha kukinga ukuta. Ukirefushwa sana unakuwa mdomo wa kunywea upepo.

Ndani, chini ya plastiki, joto la mchana linachosha mno, na wanawake ndio wanaobaki ndani. Heshima ya Kirohingya haimruhusu mwanamke mtu mzima kukaa wazi mbele ya wanaume wasio wa kwake, hivyo madirisha makubwa ya chini hufunikwa nguo siku ileile. Tundu la hewa lililo juu, chini ya mgongo wa paa kwenye kuta za pembeni, hutoa joto bila kumwonyesha mtu. Sababu hiyohiyo ya sitara huwafanya wanawake wengi waogee ndani ya nyumba badala ya bafu za pamoja. Michoro ya mwanzo haikuwa na sehemu hiyo. Maji yakamwagika sakafuni ya udongo, yakaelekea kwenye nguzo iliyo karibu, na nguzo hiyo ikaoza kabla ya nyingine. Mwenye kuchora kwa ajili ya jamii kama hii aweke kona ya kuogea tangu mwanzo: sakafu ya saruji ya mita 1 kwa 1, kizingiti, na bomba linalotoa maji hadi mtaroni.

Mtaro wenyewe ni sehemu ya nyumba. Kilima kilichokatwa wima nyuma ya ukuta kitashuka. Kila ngazi iliyokatwa kilimani iwe na mfereji upande wake wa juu, mteremko upandwe vetiva, nyasi yenye mizizi mirefu iliyotumika sana huko, na maji yasimwagwe kwenye paa la jirani wa chini. Maporomoko yameua watu kambini katika misimu kadhaa ya mvua, na tiba pekee kwa miteremko mibaya kabisa imekuwa kuhamisha familia.

Moto na nafasi

Hapa usanifu wa nyumba moja unafika kikomo. Tarehe 22 Machi 2021 moto ulipita katika kambi za Balukhali, ukateketeza makazi 10,000 hivi na kuwaacha watu wapatao 45,000 bila nyumba. Waliokufa hawakupungua 11. Uzio wa waya uliozunguka kambi uliwazuia wengine kukimbia. Tarehe 5 Machi 2023 moto mwingine, Kambi namba 11, uliunguza nyumba zipatazo 2,000.

Turubai huyeyuka na kudondosha matone yanayowaka, na pingili za mwanzi hupasuka kwa joto na kurusha makaa. Kinga ni umbali. Sphere inataka angalau mita 2 kati ya nyumba, na ukanda mtupu wa mita 30 kwa kila mita 300 za makazi. Eneo zima la kambi liwe mita za mraba 45 kwa kila mtu. Huko Kutupalong eneo linalotumika ni chini ya 15. Nyumba nyingi zinashirikiana ukuta. Kuingizwa kwa majiko ya gesi mwaka 2018 kuliokoa msitu na mapafu ya wapishi, na vikosi vya wakimbizi wa kujitolea wenye ndoo na mchanga huzima mioto midogo mingi. Lakini hakuna kiungo wala dawa inayozaa mita 30 za ardhi. Boroni hupunguza kidogo kasi ya mwanzi kushika moto, na yeyote anayeitangaza kama kinga ya moto anahatarisha watu.

Majengo yaliyofanywa bila haraka ya vifurushi vya msaada

Mwaka 2022 Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu ilitolewa kwa majengo sita ya jamii huko Cox's Bazar, kazi ya wasanifu Rizvi Hassan, Khwaja Fatmi na Saad Ben Mostafa. Vifaa ni vilevile: mianzi, majani, kamba. Tofauti ni kwamba maumbo mengi yaliamuliwa papo hapo, pamoja na mafundi wa Kirohingya, badala ya kuletwa kwenye karatasi. Vituo vya wanawake vimegeuziwa ndani: ukuta wa nje umefunga, uwazi uko uani, hewa na mwanga vinaingia bila macho ya wapita njia. Ni jibu lilelile la tundu chini ya paa, likiwa limepewa nafasi ya kupumua.

Mafundi hao ndio rasilimali iliyochelewa kutumiwa. Wanajua kusuka ukuta, kuchagua mwanzi kwa mlio wa kugonga, kufunga kiungo kisichoteleza. Wasichokuwa nacho walipofika ni dawa, zege la miguu na muda wa kuacha mwanzi ukomae.

Kalenda ya matengenezo inatokana na yote haya. Machi, kabla ya vimbunga vya kwanza, kila nguzo ichomwe kwa msumari pale inapokutana na zege. Ukizama sentimita 1, nguzo hiyo ibadilishwe. Viungo vikazwe, wavu wa paa ufungwe upya, mitaro izibuliwe. Septemba ukaguzi urudiwe kabla ya vimbunga vya Oktoba. Mianzi ya kubadilishia ya Machi iwe imeingia birikani si zaidi ya katikati ya Januari, maana kulowekwa na kukauka kunaweza kufika wiki sita, na oda inayotolewa baada ya onyo la kimbunga huleta mwanzi mbichi.